Kadi ya Sauti na Kimya cha Mama Mkwe

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi na nimefika shuleni viatu mkononi. Wanafunzi wangu wa darasa la kwanza walicheka mpaka Mwalimu Mkuu akaja kuchungulia, na Mwalimu Mkuu akichungulia hata mende hunyamaza.

Mchana nimempeleka Mama mkwe hospitali. Mume wangu yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, harudi mpaka Juni, na Baba mkwe hospitali haziwezi. Akiingia tu mlangoni presha inampanda yeye badala ya mgonjwa. Kwa hiyo nilikuwa mimi, mkwe wa mwaka mmoja, niliyekaa karibu naye daktari alipotamka. Uvimbe wa kooni umekataa dawa. Katikati ya Aprili watamwondolea kikoromeo chote. Atapona, atakula, atatembea, atapumua kupitia tundu dogo shingoni. Sauti yake haitakuwepo tena.

Mama aliuliza swali moja tu. "Pini nitaweza kushika mdomoni?"

Mama ni fundi cherehani. Daktari akamwambia midomo haiguswi.

"Basi sawa," akasema, akachukua mkoba wake.

Nimelia chooni, kwa sababu mbele yake siwezi. Mama huyu ananitisha. Hajawahi kunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linalonitisha. Anaongea maneno machache kama anayalipia kodi, halafu anakutazama mabega kana kwamba anapima utakaa au utabana. Nimeamua kuandika humu, maana la kuvunda halina ubani na mimi nitavunda nisipolitoa mahali.

Ijumaa, 8 Machi

Dada mmoja wa hospitali anayefundisha watu kusema upya amenipigia. Anashauri turekodi sauti ya Mama sasa, sentensi nyingi kadiri tuwezavyo. Baadaye zitawekwa kwenye tableti yenye picha. Mama akigusa picha ya kikombe, sauti yake mwenyewe inasema anataka chai. Nikajibu ndiyo kabla hajamaliza.

Nikamwambia Mama. "Mfuate wifi yako," akasema. "Mambo ya nyaya ni yake."

Nilikuwa naomba Mungu asiseme hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi, dada wa mume wangu, ni fundi wa vifaa vya umeme. Meza yake iko kwenye ujia mwembamba kati ya duka la fotokopi na kinyozi, na mtaa mzima unamwita Bi Waya. Tangu harusi yangu tumezungumza mambo matatu: chumvi, funguo, na kwa nini nimesogeza kabati. Leo amekuja amebeba kompyuta ya zamani kifuani kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala.

Nilishaandaa simu yangu. Nilishajaribu hata kurekodi, na sauti ilitoka safi. Wifi akaisikiliza na uso wake haukubadilika.

"Simu ina kiherehere, wifi. Inachagua yenyewe cha kusikia. Kile isichokielewa inakitupa, halafu inakupa kilichobaki. Hapo Mama anaongea kama yuko ndani ya debe."

"Mimi naona ni Mama yuleyule."

"Wewe una mwaka mmoja naye."

Nikarudisha simu mfukoni. Mawifi tunasifika kwa mengi na leo sikutaka kuongeza.

Akafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi na kuchomoa kibao cha kijani, kirefu kidogo kuliko kiganja. Hiyo ndiyo kadi ya sauti. Akakiweka juu ya kitambaa cheupe cha Mama, na hapo nikaona kitu nisichokuwa nimewahi kukiona kwake: alikuwa akitabasamu. Mama akavuta kiti, akavaa miwani.

"Hapa kwenye tundu ndipo sauti inapoingia," Wifi akasema. "Ikifika ni hafifu sana, kwa hiyo inapita kwa huyu, anaikuza. Halafu inakwenda kwa huyu mweusi wa mraba. Huyu ndiye mpimaji. Anaipima sauti, anaandika namba. Anapima tena, anaandika tena."

"Mara ngapi?" Mama akauliza.

"Zaidi ya mara elfu arobaini kwa sekunde moja."

Mama akavuta futi yake ya kitambaa shingoni, akaitazama. "Na akipima mara chache?"

"Sauti inabana. Inakuwa na kona kona."

"Kama mkono wa gauni uliokatwa kwa kukisia."

"Hivyo hivyo, Mama."

Akamwonyesha kijibati cha rangi ya fedha, kristali inayopiga mapigo sawasawa ili mpimaji asiwahi wala asichelewe. Akamwonyesha mweusi wa pili, ndugu wa yule wa kwanza, anayefanya kazi kinyume: anachukua namba na kuzirudisha kuwa sauti ya kwenda kwenye spika.

"Mmoja anapima, mmoja anashona," Mama akasema. "Kumbe humu ndani mna kiwanda cha nguo." Akakigusa kibao pembeni kwa ncha ya kidole, kwa adabu, namna anavyogusa hariri ya mteja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, na nakiri nilikisogelea. Kitu kidogo vile, kinafanya kazi kubwa vile, bila kujigamba.

Jumapili, 10 Machi

Mpangilio wetu ni huu. Mama anakaa chumba chake cha kushonea, mlango umefungwa, maikrofoni mezani. Waya unapita chini ya mlango hadi ukumbini, ambako kompyuta inanguruma na mimi nimevaa hedifoni. Tunarekodi mvua ikikata. Ikianza tunaacha, maana bati halina huruma.

Sentensi za hospitali Mama hazitaki. "Tafadhali, naomba maji ya kunywa." Akanitazama kupitia mlango uliokuwa bado wazi. "Nani anaongea hivi nyumbani kwake?"

"Basi Mama hapo husemaje?"

"Nasema, 'Maji.'"

Alhamisi, 14 Machi

Kuna mvumo.

Niliusikia tangu siku ya kwanza nikadhani ni masikio yangu. Mama akimaliza sentensi, kabla hajaanza nyingine, unaingia mvumo wa chini, kama nyuki ndani ya chupa. Nyuma yake kuna na mchakacho, sss, kama mafuta ya moto. Nimempelekea Wifi. Ameniambia nirekodi dakika moja ya kimya, chumba kiwe kitupu, nimtumie.

"Kimya cha nini?"

"Fundi huisikiliza kadi ikiwa haina la kusema. Mtu akiwa na maneno utaona maneno tu. Akinyamaza ndiyo utamjua."

Jioni nimerekodi hicho kimya. Mvumo upo, mchakacho upo. Sasa kuhusu chumba kuwa kitupu: Mama alikuwa ndani akibandika pini kwenye gauni la Mwalimu Mkuu, juu ya lile sanamu la kujaribishia nguo tunaloliita Mgeni kwa sababu halili. Mkwe gani anamwambia mama mkwe atoke kwenye chumba chake mwenyewe? Nilimwomba tu anyamaze. Akafunga mdomo, na pini hazina kelele.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi amekagua kadi kwa lenzi. Kapasita mbili zimevimba vichwa. Ni vipipa vidogo vilivyosimama wima. Vinaweka umeme akiba kama tangi la maji juu ya nyumba, ili bomba lisikohoe. Zikivimba umeme unakwenda kwa kurukaruka, na sauti inatetemeka nao. Uzee na unyevu, anasema. Ameyeyusha risasi ya kulehemu iliyozishika, amezing'oa, ameweka mpya. Mkono wake hautikisiki kabisa. Moshi ulipanda na yeye hakupepesa jicho.

Mchakacho umekwisha. Mvumo umebaki.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kutwa. Hatukurekodi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mwalimu Mkuu ameuliza gauni lake liko wapi, kisha akauliza hali ya Mama, kwa mpangilio huo.

Jumamosi, 23 Machi

Tumerekodi vizuri leo, maana Mama ameanza kutunga zake. Nyingine nimelazimika kuvua hedifoni nicheke. "Nguo hii kakata nani, panya?" "Umenenepa wewe, si kitambaa." "Njoo kesho. Nikisema kesho ni kesho." "Mzee, kofia iko kichwani kwako." Hiyo ya mwisho ni ya Baba, na Baba alipoisikia ukumbini alipapasa kichwa, akaikuta kweli.

Kisha akarekodi moja bila mimi kumwomba: "Mke wa mwanangu, umefanya kazi nzuri." Aliisema kavu, akaenda nyingine. Nimeirudia mara kadhaa, nikijifanya nakagua.

Kila sentensi naisafisha kama Wifi alivyonielekeza: nakata mwanzo na mwisho, mvumo wote nautupa. Zinabaki sentensi zilizonyolewa vizuri. Lakini Mama akisita katikati ya sentensi bado upo, na Wifi hawezi kuuvumilia.

Jumatano, 27 Machi

Wifi amebadilisha waya. Amehamisha kadi kwenye tundu jingine, mbali na feni. Ameizungushia kijibati alichokata kwenye kopo la maziwa. Amezima friji ya jirani, kwa ruhusa, nusu saa. Kila mara ananiomba kimya na kila mara namtumia, na kila mara anapiga simu na kusema neno moja: "Upo."

Akiwa na kadi kule kwenye meza yake, mvumo hausikii. Akiileta nyumbani, unarudi. Kadi nzima kwa fundi, mgonjwa nyumbani kwetu.

Nimemwambia tutumie simu jamani, simu haina mvumo, siku zinakwenda. Akanijibu vibaya. Nikamjibu vibaya zaidi. Nikasema mama yake anakwenda kukatwa koo na yeye amekazana na vipipa.

Akakata simu. Nimekula peke yangu jikoni.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda kwenye ujia wake kuomba radhi. Sikuipata nafasi. Kinyozi wa jirani alinivuta pembeni, akaniambia Bi Waya haachi kazi siku hizi. Anafungua kadi za sauti mbovu za watu, za zamani, anatafuta kapasita nzuri moja hapa, kichipu kizuri pale. Amekataa kazi za wateja. Nikachungulia. Alikuwa ameinama juu ya kibao, hedifoni masikioni, na kwenye skrini ulikuwepo mstari wa sauti ya mama yake akisema, "Njoo kesho." Aliicheza. Akaicheza tena. Hakuwa akikagua kitu.

Nimerudi bila kusema. Nilimdhania mtu wa chuma, kumbe analia kwa bisibisi. Kila mtu na namna yake.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemtumia Wifi ujumbe: endelea kutafuta, mimi nitarekodi. Amejibu: sawa wifi. Kwetu sisi hiyo ni barua ndefu.

Jumanne, 9 Aprili

Furaha. Mama amekwenda hospitali kwa vipimo vya mwisho, safari hii kasindikizwa na jirani maana nilikuwa na mitihani ya watoto. Niliporudi, nyumba tupu, nikarekodi kimya cha kumtumia Wifi. Mstari umelala chini umenyooka kama umechorwa kwa rula. Hakuna mvumo. Nikampigia nikipiga kelele. Amesema ni kapasita aliyobadilisha juzi, ndiyo iliyokuwa mchawi. Nilimsikia akimwambia kinyozi, na kinyozi akapiga makofi.

Kadi hii, hata ikiwa imenisumbua, naivulia kofia. Haikatai kitu. Inapokea kikohozi, kiti, mlango, mbwa wa mtaa wa pili, inapima vyote kwa futi ileile bila upendeleo. Natamani walimu tungekuwa hivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Upo.

Jumapili, 14 Aprili

Nataka kuandika leo taratibu, nisije nikasahau kitu.

Upasuaji ni Alhamisi. Sentensi tunazo nyingi, ila Wifi alikuja asubuhi na kichipu cha kukuza sauti alichokitoa kwenye kadi nyingine. Alisema hiki ni cha mwisho. Kikishindwa, yeye hana tena pa kwenda. Akakilehemu ukumbini kwetu, juu ya gazeti, miguu yake midogo midogo ya chuma mmoja baada ya mwingine. Akarudisha kadi, akafunga skrubu, akavaa hedifoni. "Kimya," akasema. Mlango wa Mama ulikuwa umefungwa. Nje hakuna mvua.

Nilimtazama usoni. Alifumba macho, akangoja. Alivua hedifoni, akaiweka mezani polepole, akalia kama mtoto. Sijawahi kumwona hivyo.

"Nimeshindwa, wifi," akasema. "Kitu kimoja tu alichoniomba katika maisha yake, nimeshindwa kukisafisha."

Nikamshika bega.

Baba akatokea jikoni akitafuta tochi yake. Baba ni dereva mstaafu wa malori, mtu wa kupita kando ya mambo. Akatuona, akaona hedifoni, labda akaona ndiyo njia rahisi ya kutotutazama, akaivaa juu ya kofia yake. Akasikiliza. Uso wake ukalegea.

"Si mama yenu huyu?" akasema.

Wifi akainua kichwa. "Baba, huo ni mvumo wa umeme."

"Umeme gani. Anampima mtu huyu." Akainua kidole, kama anayesikiliza lori likipanda mlima. "Hapo, sauti imepanda. Amemwambia ageuke." Akangoja. "Hapo imeshuka. Anasema imekaa. Ana pini mdomoni, ataongeaje? Miaka yote hiyo anawaambia wateja hivyo. Hata mimi akinishonea suruali ananigeuza hivyo."

Wifi alifungua mlango. Mama alikuwa amesimama mbele ya Mgeni, pini zimejipanga katikati ya midomo, akibana kiuno cha gauni la Mwalimu Mkuu. Na kutoka kwenye kifua chake, chini chini, ulikuwa unatoka mvumo, kama nyuki ndani ya chupa. Alipotuona sote watatu mlangoni akanyamaza. Akatoa pini moja moja.

"Kuna nini?"

"Mama, ulikuwa unaimba?"

"Mimi? Niimbe nini na umri huu? Nilinyamaza kama mlivyosema."

Wifi akaniangalia. "Nilisema chumba kiwe kitupu."

"Ni chumba cha Mama," nikasema. "Ningemtoaje?"

Naye ni mtoto wa nyumba hii, anajua asingeweza vilevile. Akamgeukia baba yake. "Na wewe Baba, mwezi mzima tunahangaika, mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnatafuta ugonjwa wa kompyuta," Baba akasema. "Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika koo kwa maumivu, na sote tukacheka na kuogopa pamoja. Wifi akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani.

"Nimebebwa mgongoni na sauti hii," akasema. "Nimelala nayo, nimekulia ndani yake, na nimekwenda kuitafuta kwenye vipipa. Kadi ilikuwa nzima tangu mwezi uliopita. Ilikuwa inaniambia kila siku na mimi naibadilishia viungo."

Ile simu yangu, yenye kiherehere, ilikuwa imeutupa mvumo kwa sababu haikuuelewa. Kadi iliuleta kila siku.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumejaribu kuurekodi kwa makusudi. Haiwezekani. Mama akijua anasikilizwa anatoa sauti ya kwaya. "Mmm," anasema, kisha anatutazama kama ameulizwa hesabu. Tukampa pini, tukamweka na Mgeni, tukajificha. "Nawaona miguu chini ya mlango," akasema. Koo limemuuma, tukaacha.

Usiku wa jana liliniamsha jambo moja na leo nilikuwa nalo darasani siku nzima. Mwanzoni na mwishoni mwa kila sentensi nilikata mvumo, nikaufuta, na nikajisifu kwa usafi. Saa ya mapumziko nikampigia Wifi.

"Yale makimya niliyokutumia. Umeyafuta?"

"Fundi hafuti ushahidi, wifi," akasema. "Ninayo yote tangu Machi."

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, nikamshukuru kwa sauti.

Jumatano, 17 Aprili

Mama amelala hospitali. Kabla hajatoka alifunika cherehani. Mlangoni akanigeuza kwa mabega, akanyoosha ukosi wangu, na nikausikia kwa masikio yangu, bila waya: mvumo ukapanda, ukashuka. Yaani nimekaa, sibani.

Alhamisi, 18 Aprili

Ametoka salama.

Jumamosi, 4 Mei

Mama yuko nyumbani. Kitundu shingoni kimefunikwa kitambaa chembamba, amekishona mwenyewe, na pindo lake mtu halioni. Tableti anaijua kuliko mimi. Jana Baba alizunguka nyumba nzima, na sauti ikatoka chumbani: "Mzee, kofia iko kichwani kwako."

Akanisogelea jikoni leo, akagusa picha. "Mke wa mwanangu, umefanya kazi nzuri." Nilikuwa nachambua mchele. Nilimwomba airudie, akairudia.

Jumapili, 5 Mei

Kwa mazoea tu, nimerekodi dakika moja ya kimya. Mama alikuwa ndani, mlango umefungwa, anabandika pini.

Mstari umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Hivi ndivyo nilivyoutaka masika yote. Nilivua hedifoni, nikaenda uani, nikasimama kwenye manyunyu mpaka blauzi ikalowa. Hasira niliyokuwa nayo sikuijua ni ya nani.

Nimemwambia Wifi. Akaniuliza kama lile pedali la cherehani ya zamani bado liko stoo.

Jumamosi, 11 Mei

Wifi na Mama wanagombana kwa ishara kuhusu pedali. Mimi simo.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekata tangu juzi na barabara inatoa vumbi. Mwalimu Mkuu amekuja hatimaye kujaribu gauni lake. Nilimwonya kwamba Mama bado hana nguvu. Akaniambia gauni limesubiri kiasi cha kutosha, akaingia.

Nilikuwa na hofu ya jambo moja dogo. Mama akimpima mtu mikono yake yote miwili iko kwenye kitambaa na midomo ina pini. Tableti ataigusaje? Na Mwalimu Mkuu hageuzwi na mtu kwa kusukumwa bega. Wiki nzima hii ndiyo iliyokuwa inamnyima Mama usingizi, Baba ameniambia: atashona, lakini atawapimaje watu?

Wifi alikuwa amekwisha kufika mapema. Amefungua kipanya cha kompyuta cha zamani, akatoa nyaya za vitufe vyake viwili, akaziunga kwenye mapedali mawili, lile la stoo na jingine la kuokoteza, chini ya meza ya kupimia. Kipanya kimekufa, vitufe vinaishi mguuni. Kompyuta iko ukumbini na spika ndogo iko juu ya kabati, lile nililolisogeza. Akaniambia limekaa vizuri pale. Nilifanya kama sikusikia, nisimharibie.

Mwalimu Mkuu akasimama mbele ya kioo, akisimulia habari za paa la ofisi yake. Mama akaweka pini mdomoni. Akabana bega la kushoto, akabana kiuno, akainuka. Sisi wawili tulikuwa mlangoni, na Baba nyuma yetu, kofia kichwani.

Mguu wa Mama ukatafuta, ukakanyaga.

Nilimfikiria yule mweusi wa pili kwenye kadi, mshonaji, anavyochukua namba za tarehe kumi na nne Machi na kuzirudisha zilivyokuwa. Kutoka juu ya kabati ukatoka mvumo wa chini, ukapanda.

Mwalimu Mkuu, katikati ya habari za paa, akageuka.

Hakuacha hata kusema. Aligeuka kama anavyogeuka miaka yote katika chumba kile, mgongo ukaja kwa Mama, na Mama akabana pini ya mwisho. Ndipo Mwalimu Mkuu alipokatika maneno. Nilimwona kwenye kioo akimtazama Mama, shingo yake, midomo yake iliyofungwa. Macho yakamjaa maji na akashindwa kuyafuta kwa sababu mikono ya gauni ilikuwa imebandikwa pini.

Wifi alinishika mkono akaukaza. Mama akarudi nyuma hatua moja, akamtazama mteja wake kuanzia mabegani mpaka pindo, bila haraka. Kisha akakanyaga pedali la pili, lile la kushuka.